Uzi: Kutoka Mtwara hadi Watamu kuvua sulisuli, na maswali ya kuuliza kabla hujatuma hela ya boti

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Wakuu, salaam. Tangu niweke picha za safari yetu ya Watamu, Kenya, napokea ujumbe kila siku kutoka Mtwara mjini, Lindi, Masasi, hadi Newala, watu wakiuliza tulipangaje. Nikijibu mmoja mmoja nitasahau jambo, na jambo lenyewe likawa ndilo litakalomfanya mtu aliwe hela kama tulivyoliwa sisi. Bora nifungue uzi, kila mtu asome.

Kwa wasionifahamu: mimi ni wa Shangani ya Mtwara, nimekulia kwenye ngalawa ya mjomba wangu, na mshipi wa mkono niliushika kabla ya kalamu. Kazi yangu ni duka la vifaa vya ujenzi, lakini siku za mapumziko utanikuta baharini. Nguru, kolekole na tengesi nimewavua sana. Sulisuli nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani, kwa mbali, akiruka na lile pezi lake kama tanga. Tangu hapo sikutulia.

Mtu atauliza kwa nini Kenya wakati bahari ni hii hii. Ni kweli ni hii hii, ila Watamu na Malindi wamejenga kazi hiyo kwa miaka mingi. Boti zipo, rodi zipo, na manahodha wanaojua sulisuli anapita wapi wapo. Isitoshe, maji yale ni ya pekee: ni sehemu chache duniani ambako mvuvi anaweza kukutana na sulisuli, marlini (samaki wakubwa wenye mdomo mrefu kama sulisuli) wa aina tatu na samaki upanga katika bahari moja.

Sasa nianze na kilichotuumiza.

Mwaka juzi tulikuwa wanne. Tuliona tangazo mtandaoni, boti nzuri nyeupe, watu wanacheka na samaki mkubwa. Aliyeweka tangazo alikuwa na namba ya Kenya, akasema yeye ni mwakilishi wa boti. Akataka asilimia 30 siku ile ile, kwa sababu, alisema, kuna wageni kutoka Ulaya wanaitaka tarehe hiyo hiyo. Tulichanga shilingi 1,100,000 tukatuma kwa simu. Na hapa naomba msome polepole: jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha halikuwa lake. Tuliliona wote wanne. Tukampigia, akasema huyo ni mhasibu wao. Tukabonyeza.

Wiki mbili kabla ya safari akasema injini imekufa, kuna boti nyingine ndogo, tuongeze hela kidogo. Tulipokataa, simu ikazimwa. Baadaye tulimpata mwenye boti halisi ya kwenye picha. Hakuwa anamjua mtu huyo hata kidogo. Sehemu kubwa ya fedha ile ilikuwa ya mwenzetu mmoja, malipo yake ya mnada wa korosho, na mpaka leo nikikutana na mke wake sokoni moyo unaniuma.

Mwaka jana tukajipanga upya. Safari hii tulianza na tarehe, picha zikafuata baadaye. Kusi likivuma sawasawa, Mei hadi Julai, bahari ya kule huchafuka na boti nyingi hupandishwa juu kutengenezwa. Sulisuli huanza kuwa wengi kuanzia Oktoba na Novemba kuelekea Januari. Marlini wa mistari hupatikana zaidi kaskazi linaposhika, Desemba hadi Machi. Kwa sisi watu wa Kusini kuna hesabu nyingine: malipo ya korosho yanaingia kuanzia Novemba hivi, Januari ni ada za shule, na sikukuu za Desemba vyumba vya Watamu hupanda bei sana. Tukachagua wiki ya kwanza ya Desemba. Mwenzetu mmoja alitaka tufuate bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kama tunavyofanya huku. Nahodha akamjibu kwamba kwa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya boti, kwenye maji makuu yeye anaangalia zaidi mkondo na ndege.

Kuhusu kuipata boti yenyewe, tulifanya hivi. Hatukumwuliza mtu yeyote "mna boti?" Tuliuliza jina la boti, jina la nahodha, na inalala wapi. Kisha tukapiga simu kwenye nyumba mbili za wageni za pale Watamu ambazo hazihusiani na boti hiyo, tukauliza kama wanaifahamu. Wote waliifahamu, na mmoja akatuambia hata rangi ya ubavu wake. Tukaomba kuzungumza na nahodha kwa video akiwa juu ya boti. Alikubali mara moja, akatuonyesha jaketi okozi, redio ya mawasiliano na injini zote mbili. Mtu wa kweli hachukii ukimwuliza hivyo.

Fedha tulituma benki, kwenye akaunti yenye jina la biashara, tukapewa risiti yenye tarehe ya safari, jina la boti na jina la nahodha. Jina la nahodha lisikose kwenye risiti. Boti nzuri ikiwa na nahodha mgeni wa maji yale ni gari zuri lenye dereva asiyejua njia.

Halafu kabla ya kutuma hata senti, tuliwaandikia barua pepe maswali yetu wakayajibu kwa maandishi. Bahari ikichafuka, nani anaamua hatutoki? Wakajibu ni nahodha, na akisema hatutoki tunarudishiwa fedha zote au tunapewa siku nyingine, uamuzi wetu. Sisi tukiomba kurudi njiani kwa sababu ya kichefuchefu, je? Siku imehesabiwa, hakuna kurudishiwa. Boti ikiharibika kabla? Boti ya ukubwa ule ule, au fedha. Mafuta, chambo, maji ya kunywa na chakula cha mchana vimo? Vimo, isipokuwa ahsante ya mabaharia, yaani bakshishi, hiyo ni yetu. Siku nzima ni saa ngapi hadi saa ngapi? Kumi na mbili alfajiri hadi saa kumi jioni.

Na swali ambalo mtu wa pwani hawezi kulifikiria kwa sababu kwake jibu liko wazi: samaki ni wa nani?

Huku kwetu mimi nikikodi mashua na nahodha, ninachovua ni changu, nahodha nampa lake. Kule, kwa desturi ya boti nyingi za wageni, samaki wa chakula ni mali ya boti. Mgeni anapewa wa kitoweo cha jioni. Sulisuli na marlini, wao karibu wote hurudishwa baharini wakiwa hai. Sisi tulikuwa tumeshanunua na boksi la barafu! Tulipoandikiana tukakubaliana: sulisuli na marlini wanarudi majini, nguru au jodari tutapewa wawili kwa siku, wanaobaki ni wa boti. Ikaandikwa. Bila kuuliza, ugomvi ungezuka kule gatini, watu wazima tunagombania samaki mbele ya wenyeji wetu.

Nitaendelea na njia na siku ya baharini. Mwenye swali aulize.

Binti wa Mikindani ameandika:

Kaka, ahsante sana kwa kuandika. Mimi na wifi zangu wawili tunataka kwenda, tuna kikundi chetu tunaweka akiba. Hati za kusafiria zikoje? Na wanawake peke yetu kwenye boti na mabaharia wanaume, umeona hali gani?

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Dada, karibu. Pasipoti ni shilingi 150,000, unaanzia kwenye fomu ya mtandaoni ya Uhamiaji, na inakaa miaka 10. Sisi Watanzania hatuhitaji viza kuingia Kenya. Chanjo ya homa ya manjano ni muhimu, na uchanje siku 10 au zaidi kabla ya kuvuka, maana kadi haihesabiki mapema zaidi ya hapo. Ukishachanja mara moja ni ya maisha, kwa hiyo anayekwambia kadi yako ya zamani imekwisha muda, mwonyeshe kwa utaratibu kwamba kanuni ilibadilika mwaka 2016. Mifuko ya plastiki acheni nyumbani. Wenzetu waliipiga marufuku tangu 2017, miaka miwili kabla yetu.

Njia: Mtwara hadi Dar ni zaidi ya kilomita 550. Tulilala Dar. Kesho yake basi la Tanga, Horohoro, mnavuka Lungalunga, Mombasa, kisha kaskazini kupita daraja la Kilifi hadi njia panda ya Gede, hapo mnaingia kulia kwenda Watamu. Wekeni siku moja tupu kabla ya siku ya boti. Waliokwama Somanga Mei 2024 barabara ilipokatika kwa mvua wanajua ninachosema. Boti haingoji basi.

Kuhusu wanawake, tulikuta kina mama kwenye boti nyingine, tena mmoja anavua kushinda mumewe. Lakini usitegemee nilichokiona mimi. Ombeni video na nahodha na mabaharia wake wote, ulizeni kama boti ina choo chenye mlango. Boti nyingine ndogo hazina, na saa kumi baharini ni nyingi.

Babu Mchinga ameandika:

Vijana, nimesoma. Mimi nimevua miaka zaidi ya 40, kwa mshipi, dema na jarife. Jambo moja linanikera. Samaki ni riziki. Unamtoboa mdomo, unamchosha nusu saa, halafu unamwachia ili upige picha? Kwetu mtoto akimchezea samaki alikuwa anachapwa. Nielewesheni kwa uzuri, sisemi kwa ubaya.

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Shikamoo Babu. Swali lako nililibeba mwenyewe hadi kwenye boti, ndiyo maana nitakujibu kwa kukusimulia siku yenyewe.

Tulitoka kumi na mbili alfajiri, bahari imelala. Baada ya saa moja na nusu hivi, maji yakageuka kutoka kijani kuwa buluu nzito, kama mtu kayakata kwa kisu. Nahodha akapunguza mwendo, mabaharia wakatoa mishipi, tukaanza kurambaza. Ndege walikuwa wanapiga maji upande wa omo, mbele ya boti. Ghafla, nyuma ya chambo cha kushoto nikaona kitu cheusi chembamba kimetokeza, kama kijiti. Ulikuwa mdomo wake. Akakipiga chambo kwa pembeni, mara moja, mara mbili, kama mtu anayegonga mlango.

Babu, wewe unajua mkono wetu unafanya nini hapo. Mshipi ukivutwa tu, unatwaa. Baharia akanishika kiganja, akaniambia, "Ngoja, ngoja, mpe." Ndoano zao ni za mviringo, ncha imeinamia ndani. Ukitwaa kwa nguvu inachomoka. Ukimwacha ameze na kugeuka, kisha ukakaza polepole, inajishika yenyewe pembeni mwa mdomo, haiingii tumboni. Nilihesabu moyoni hadi tano, na ilikuwa hesabu ndefu kuliko zote nilizowahi kuhesabu. Nikakaza. Akaruka mzima mzima, pezi limefunguka, ubavuni ana mistari ya buluu inawaka kama taa.

Dakika 20 hivi akafika ubavuni mwa boti. Hawakumpandisha juu. Baharia mwenye glovu alimshika mdomo, boti ikaendelea kwenda polepole ili maji yapite kwenye matamvua yake. Mwingine akamchoma lebo ndogo yenye namba karibu na pezi la mgongo, wakakadiria uzito, wakaandika kwenye kadi. Kadi hizo hukusanywa na African Billfish Foundation ya pale pale Watamu. Mtu mwingine akimvua samaki huyo mwaka mwingine, bahari nyingine, namba inajulisha ametoka wapi na amesafiri kiasi gani.

Alipofikishwa alikuwa amefifia, rangi ya shaba iliyochakaa. Niliinama nikamwangalia jicho. Akiwa ameshikwa vile, maji yanapita, rangi ikaanza kurudi kuanzia kichwani, buluu kidogo kidogo, hadi mkiani. Baharia akasikia nguvu imerudi, akamwachia. Akazama chini bila haraka.

Sitakwambia hakuumia. Aliumia. Lakini sulisuli mmoja akiwa hai anawaleta wageni wanne wanaolipa boti, mafuta, chumba, mama lishe na dereva wa bodaboda, na kesho anawaleta wengine. Akipelekwa sokoni analiwa jioni moja. Hicho ndicho kilichonigeuza mimi. Wewe ukibaki na msimamo wako nitauheshimu, na siku hiyo hiyo tulivua nguru na felusi ambao walikwenda sufuriani.

Mzawa wa Kilifi ameandika:

Salaam aleikum ndugu zetu wa Mtwara. Mimi ni baharia kwenye boti hizo mnazozitaja, nimepitishiwa uzi huu nami nikaona nichangie. Ndugu ameeleza vyema, ila kwenye hili la samaki nataka mtuelewe. Mshahara wa baharia ni mdogo. Wale samaki wa chakula wakiuzwa, sisi twagawana, na siku zisizo na wageni hicho ndicho hulisha watoto. Mgeni akitaka samaki wote, amechukua mfuko wa baharia bila kujua. Waama ni haki yake kuuliza mapema, lakini akiuliza ajue anauliza nini.

Jingine, musimtumie hela mtu yeyote aliye ufuoni anayesema "boti ya shemeji yangu". Wapo. Hata sisi wanatuharibia jina.

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umenifundisha. Kama ningelijua hilo kabla, tungeomba samaki mmoja kwa siku, siyo wawili. Naomba wanaopanga walizingatie: ombeni wa kitoweo, na ahsante ya mabaharia mtengeni bahasha yake tangu nyumbani, isiwe chenji ya mwisho iliyobaki mfukoni. Na msifikirie kuleta samaki mbichi Mtwara. Kumvusha mpakani kuna hati zake za afya, na safari ni siku mbili za joto. Boksi letu la barafu lilirudi tupu.

Korosho Ghafi ameandika:

Mkuu, na uwindaji je? Nilikuwa nataka tuunganishe, siku mbili bahari, siku mbili porini huko huko Kenya.

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Haiwezekani mkuu. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu 1977. Anayekutangazia safari ya kuwinda Kenya leo, huyo mkimbie. Uwindaji wa kitalii uko kwetu, jirani tu hapo Liwale upande wa Selous, kwenye vitalu vinavyosimamiwa na TAWA, mamlaka ya wanyamapori ya Tanzania, lakini hiyo ni habari nyingine kabisa, ya leseni, kampuni yenye kitalu na mwindaji bingwa aliyesajiliwa. Anayeijua vizuri afungue uzi wake, nitausoma.

Korosho Ghafi ameandika:

Nimekuelewa. Sasa nitajie gharama, ukweli wenyewe.

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Sisi tulilipa dola 600 kwa siku kwa boti nzima, siku mbili, watu wanne. Kwa hiyo kila mmoja dola 300 za boti. Boti kubwa zaidi tuliambiwa bei za juu sana, hata hatukuuliza mara ya pili. Chumba, mabasi na chakula ni juu ya mtu na anavyojipenda. Angalizo: bei ya boti kwa kawaida ni ya boti, siyo ya kichwa. Mkiwa wawili mtalipa ile ile. Kwa hiyo jazeni watu kwanza, na kila mtu aweke fedha yake yote kwenye mfuko mmoja kabla hamjalipa malipo ya awali, maana mwenzenu mmoja akijitoa dakika ya mwisho mzigo wake ni wenu.

Na vidonge vya kichefuchefu mnywe usiku wa kuamkia, siyo mkishaanza kutapika. Mwenzetu mmoja, mtu wa Mtwara kabisa, alijiamini. Siku ya kwanza alilala sakafuni kuanzia saa mbili asubuhi.

Babu Mchinga ameandika:

Marahaba mwanangu, niliipokea salamu. Hilo la rangi kurudi kuanzia kichwani nimeliona kwa felusi, ila yeye huwa anakufa zinaondoka. Sikuwahi kuona zikirudi. Nimekuelewa nusu. Nusu nyingine nitaifikiria.

Binti wa Mikindani ameandika:

Kaka, narudisha mrejesho. Nimeandikia boti mbili kwa barua pepe, maswali yote kama ulivyoyaweka. Ya kwanza wamejibu yote hadi la choo, na wametaja jina la nahodha. Ya pili bei yao iko chini kwa dola 150, wamejibu kuhusu mafuta na chakula tu. La bahari kuchafuka na la samaki wameruka, wakasema nitume malipo ya awali leo ili wasinipotezee tarehe. Wifi yangu anasema tuchukue hiyo ya bei nafuu.

Mrambazaji wa Shangani ameandika:

Dada, rudia kuwauliza maswali mawili waliyoyaruka, kwa barua pepe ile ile, siyo kwa simu. Wasipojibu hadi kesho jioni, lipa ile ya kwanza. Na ukifika kwenye jina la akaunti, kabla hujathibitisha, mpe simu wifi yako alisome yeye kwa sauti.